Ngamia Mwenye Zamu ya Maji: Haki za Viumbe Wasiosema

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo, na akakipa kila kiumbe riziki yake na njia yake. Sala na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa ni rehema kwa walimwengu wote, wala si kwa wanaadamu peke yao, na ziwafikie Jamaa zake na Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu,

Kijana mmoja wa skuli alinijia msikitini baada ya sala ya Alasiri, naye ana suala lililomtia haya mbele ya wenzake. Mwalimu wao alikuwa amewasomesha kwamba ziko nchi ambazo mto umepewa haki mbele ya mahakama kama alivyo nayo mtu. Wanafunzi wakacheka. Mmoja akauliza: mto utakula kiapo kwa mkono gani? Kijana wetu naye alicheka pamoja nao, lakini aliporudi nyumbani jambo lile halikumtoka moyoni, akaja kuniuliza: Je, huu ni upuuzi tu, au ni shirki, au lina asili katika dini yetu?

Nilimjibu siku ile kwa ufupi, nikamuahidi kuandika. Nimeona bora jawabu hili liwafikie na wazazi, kwani watoto wetu katika nchi hizi husikia mengi skuli, na wakija nyumbani wakakuta mzee hana la kusema, hudhani kuwa dini nayo haina la kusema.

LILILOTOKEA KATIKA NCHI ZA WATU

Kwanza tueleze lililotokea, maana mtu huhukumu vibaya jambo asilolijua. Katika nchi ya New Zealand uko mto uitwao Whanganui, wenye urefu wa kiasi ya kilomita 290. Wenyeji wa kando yake, nao ni Wamaori, waliudai mto huo kwa zaidi ya karne moja, wakipeleka maombi Bungeni na mashtaka mahakamani, kwa sababu maji yake yalikuwa yakitumiwa na changarawe yake ikichimbwa bila ya ridhaa yao. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria iliyoufanya mto wote, tangu milimani mpaka baharini, kuwa ni mtu wa kisheria mwenye haki na mwenye dhima. Na kwa kuwa mto hausemi, umewekewa watu wawili wa kusema kwa niaba yake, mmoja huteuliwa na Serikali na mmoja na wenyeji.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, nchi ya Ecuador ilikwisha kuandika katika Katiba yake kwamba maumbile yana haki ya kuwepo na kuendelea na kurudishwa katika hali yake yakiharibiwa, na kwamba mtu yeyote anaweza kwenda kuyadai haki hizo hata kama yeye mwenyewe hakudhurika kitu. Maneno hayo hayakubakia katika karatasi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba uchimbaji wa madini katika msitu wa Los Cedros unavunja haki za msitu wenyewe, na ruhusa za wachimbaji zikabatilishwa.

Si kila mahali mambo yamekwenda hivyo. Huko India, mwezi wa Machi 2017, mahakama kuu ya jimbo la Uttarakhand ilihukumu kwamba mito ya Ganga na Yamuna ni watu wa kisheria. Serikali ya jimbo ikarufani, na katika hoja zake ikauliza: mto ukifurika ukaua watu na kubomoa nyumba, nani atakayelipa? Mwezi wa Julai mwaka ule ule Mahakama ya Juu ikaisimamisha hukumu. Suala lile la Serikali si la kipuuzi, na tutalirejea.

Wala msidhani kwamba haya ni ya nchi za mbali tu. Uganda, nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa huko, iliandika haki za maumbile katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, na ikamruhusu mtu kwenda mahakamani zinapovunjwa. Na katika nchi ya Kiislamu ya Pakistan, mwezi wa Mei 2020, Mahakama Kuu ya Islamabad ilitoa hukumu katika kesi ya ndovu aitwaye Kaavan. Ndovu huyo alitolewa zawadi na Sri Lanka mwaka 1985, akakaa miaka mingi katika bustani ya wanyama ya mji huo, mara nyingi akiwa amefungwa minyororo. Mwenzake wa kike alikufa mwaka 2012, naye akabaki peke yake. Hakimu hakutosheka na sheria za bunge tu. Alirejea katika Qurani na mafunzo ya Mtume (S.A.W.), akahukumu kwamba wanyama wana haki, na kwamba ndovu yule aondoshwe pale apelekwe mahali panapomfaa. Mwezi wa Novemba mwaka huo akasafirishwa kwa ndege mpaka Cambodia.

Basi hakimu Muislamu aliyatafuta haya katika dini yake akayaona. Na sisi tutazame.

ZAMU YA NGAMIA

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametusimulia katika Kitabu chake habari za watu wa Thamud na Mtume wao Saleh (A.S.). Tumezoea kukisoma kisa hiki kama kisa cha muujiza na adhabu, na ndivyo kilivyo. Lakini kitazameni mara nyingine kwa jicho la kadhi, mtaona kwamba ndani yake mna mgao wa maji.

Katika Suratush Shu'araa, Nabii Saleh (A.S.) anawaambia watu wake kwamba huyu ngamia ana zamu yake ya kunywa, na wao wana zamu yao, kila mmoja katika siku inayojulikana. Na katika Suratul Qamar imebainishwa tena kuwa maji yale ni ya kugawana baina yao, na kila sehemu huhudhuriwa na mwenyewe. Hakuambiwa mtu yeyote kwamba amwonee ngamia huruma na ampe maji yakizidi. Iliwekwa zamu. Na mwenye zamu hana haja ya kuombewa huruma, kwani siku yake ikifika maji ni yake, na anayeyachukua ni mwizi, sawasawa na anayeiba maji ya jirani yake usiku.

Hii ndiyo tafauti baina ya hisani na haki, na watu wengi huichanganya. Hisani ukiifanya unashukuriwa, na ukiiacha hudaiwi. Ama haki, ukiitimiza hujafanya ila lililokupasa, na ukiizuia wewe ni dhalimu. Thamud walipewa mtihani wa kukubali kwamba kiumbe asiyesema, asiyelima, asiyelipa, ana siku yake katika kisima chao. Wakashindwa.

Tena tazameni jambo jingine. Aliyemkata ngamia miguu alikuwa mtu mmoja, aliye mwovu wao kuliko wote, nao walimwita afanye. Lakini katika Suratush Shams kitendo kimenasibishwa kwao wote, na adhabu ikawashukia wote. Mmoja alishika upanga, na wengine walinyamaza, au waliridhia, au waliona maji yataongezeka.

Na katika mwaka wa tisa wa Hijra, Mtume wetu (S.A.W.) alipopita Hijr, nchi ya Thamud, katika safari ya Tabuk, aliwaamrisha Sahaba wayamwage maji waliyoyateka katika visima vya watu wale na wawape ngamia unga walioukanda kwa maji hayo, kisha wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia yule. Watu waliokuwa wakijichongea majumba katika majabali walikwisha kuondoka, na maji yao hayakufaa kunywewa. Kisima cha ngamia kikabaki kinajulikana kwa mwenyewe.

MDAI ALIYELIA

Hakuna kesi bila ya mdai. Wanaocheka huuliza: asiyesema atadai vipi?

Imepokewa katika Sunna kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika shamba la mtu mmoja wa Ansari, na humo mlikuwa na ngamia. Ngamia alipomwona alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakabubujika machozi. Mtume (S.A.W.) akamwendea, akampapasa mpaka akatulia, kisha akauliza: mwenye ngamia huyu ni nani? Akaja kijana wa Kiansari, akasema ni wake. Basi Mtume (S.A.W.) akamkanya amche Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemmilikisha, kwani amemshitakia kwamba anamtia njaa na kumchosha kwa kazi.

Zingatieni mpango wake. Yuko aliyeshitaki, akaitwa mshitakiwa, umiliki ukathibitishwa, shitaka likasomwa, na hukumu ikatolewa. Kijana hakuweza kujitetea kwa kusema kwamba ngamia ni mali yake, kwa sababu kummiliki ndiko kulikomleta mbele ya hukumu.

Ni kweli kwamba sisi si Mitume, na wanyama hawatuzungumzishi. Kwa ajili hiyo maulamaa waliweka njia. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, katika kitabu chake cha hukumu za utawala ameieleza kazi ya muhtasibu, yule msimamizi wa soko na njia, na katika kazi zake ni kumzuia mwenye mnyama asimtumikishe kwa asichokiweza. Na Izzuddin bin Abdis Salaam, aliyefariki mwaka 660, aliziorodhesha haki za wanyama juu ya wanaadamu: walishwe hata wakizeeka au wakiugua wakawa hawana faida tena, wasibebeshwe wasiyoyaweza, wasiwekwe pamoja na wa kuwadhuru, wasichinjiwe watoto wao mbele ya macho yao. Haya yaliandikwa karne saba na zaidi kabla ya sheria tulizozitaja juu.

Na katika hisba ndimo mlimo jawabu la jambo lililowasumbua sana mahakimu wa Ulaya na Marekani. Kwao, kwa muda mrefu, mtu hasikilizwi mahakamani mpaka aonyeshe kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza jumuiya iliyotaka kuokoa bonde la Mineral King huko California kwa sababu haikuonyesha dhara iliyowapata wanachama wake; na Jaji Douglas akaandika rai ya kupingana na wenzake, kwamba ingekuwa bora bonde lenyewe liruhusiwe kudai. Ama kwa Waislamu, Muislamu yeyote aliyeona munkari humpasa kuukataza na kuupeleka kwa mwenye mamlaka, ijapokuwa haukumgusa yeye wala jamaa zake.

FALAJI NA MALI YAKE

Tuje sasa Oman, nchi ambayo mababu wa wengi katika nyinyi walitoka, na wengine katika nyinyi mmerejea. Nchi hii mvua yake ni chache, na watu wake wasingeishi ila kwa mafalaji, ile mifereji inayochukua maji chini ya majabali na kuyaleta mijini na mashambani kwa mteremko peke yake, bila ya mashine. Yapo kiasi ya mafalaji 3,000 yanayofanya kazi mpaka leo, na mwaka 2006 matano katika hayo, likiwemo Daris la Nizwa na Al-Malki la Izki, yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Imamu Seif bin Sultan Al-Yaarubi, yule ambaye katika zama zake Wareno walitolewa Mombasa mwaka 1698, hukumbukwa hapa Oman zaidi kwa mafalaji aliyoyatengeneza na minazi na mitende aliyoipanda kuliko kwa vita vyake. Ndiyo akaitwa Qaydul Ardh.

Maji ya falaji hugawiwa kwa zamu, na kipimo chake kimoja huitwa athari, nacho ni kiasi ya nusu saa. Zamani walipima mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota. Juu kabisa, maji yanapotokeza, ni mahali pa kunywa, na hapo hazuiliwi mtu, awe mwenyeji au mpita njia. Kisha hupita msikitini na mahali pa kukogea, kisha huenda mashambani.

Lakini lililo kubwa kwa maudhui yetu ni hili: falaji lenyewe lina mali. Katika zamu za maji ziko sehemu ambazo si za Fulani wala Fulani, bali ni za falaji, na mara nyingine lina na mitende na viwanja. Sehemu hizo hunadiwa na dalali, na pesa zake huingia katika mfuko wa falaji kwa ajili ya kulisafisha na kulitengeneza. Liko daftari, na yuko mshika fedha wa falaji, na yuko wakili. Mtu akilidhuru falaji, wakili ndiye anayesimama. Wazee wetu hawakulihesabu falaji kuwa ni mtu, wala hawakuliabudu. Walijua tu kama walivyojua kwamba msikiti unaweza kumiliki shamba, na wakfu unaweza kudai na kudaiwa. Hii ndiyo dhima, na fiqhi haikuona ajabu kuitambua kwa kisichokuwa na ulimi, maadamu yuko mwaminifu wa kuisimamia.

Na ndilo jawabu la suala la wale wa Uttarakhand. Falaji likibomoka likaharibu ukuta wa mtu, hutazamwa mfuko wa falaji na uzembe wa wasimamizi wake. Haki za kiumbe asiyesema haziwezi kusimama hewani. Lazima pawepo mali, na wakili, na daftari. Vinginevyo ni maneno mazuri.

Zaidi ya hayo falaji lina harimu, yaani eneo la kulizunguka ambalo haijuzu mtu kuchimba kisima ndani yake, hata katika ardhi yake mwenyewe. Kisima kina harimu, mto una harimu, na mti katika ardhi isiyo na mwenyewe nao wamezungumza juu ya harimu yake. Maulamaa wetu wa Kiibadhi walilishughulikia sana jambo hili. Sheikh Abul Abbas Ahmad bin Muhammad bin Bakr Al-Farsatai wa Nafusa, aliyefariki mwaka 504 wa Hijra, alitunga kitabu kizima juu ya migao na asili za ardhi, ambamo amepambanua njia na visima na miti na mikondo ya maji, na umbali wa kila kimoja na jirani yake. Akikisoma mtu wa leo atadhani mwandishi alikuwa mpimaji wa ardhi. Alikuwa mcha Mungu aliyejua kwamba dhulma nyingi hupita katika dhiraa mbili tatu.

MPAKA WA TAUHIDI

Hapa yatubidi kuweka mpaka, kwani kijana aliuliza pia juu ya shirki, na suala lake lina msingi. Wamaori huuhesabu mto wao kuwa ni mzee wao aliye hai. Wahindu huuabudu mto Ganga. Sisi hatuchukui itikadi hizo, wala hatuhitaji kuwatukana wenyewe. Mto kwetu ni kiumbe miongoni mwa viumbe, unamtakasa Mola wake kwa namna tusiyoifahamu, na haki yake haikutoka katika dhati yake bali kwa Aliyeuumba. Katika Suratul An'am, aya ya 38, tumefahamishwa kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu. Hatukuambiwa wao ni miungu, wala hatukuambiwa wao ni vyombo vyetu tu.

Wala haki zao hazimharamishii mwanaadamu alichohalalishiwa. Tunachinja, tunavua, tunakata mti tukiwa na haja nao. Yuko anayesema leo kwamba mwanaadamu si chochote mbele ya msitu, na kwamba masikini anayekata kuni afukuzwe. Huo nao ni upotofu wa mizani, na aghlabu wanaousema wana majiko ya umeme. Khalifa amepewa kutumia, hakupewa kuharibu.

HAKI ISIYOSAMEHEKA KIRAHISI

Ndugu zangu, sasa nafika katika jambo lililonifanya niandike kwa wasiwasi kuliko yote niliyoyataja.

Mnajua msimamo wetu katika toba. Mja akimkosea Mola wake kisha akajuta na akaacha na akaazimia kutorejea, mlango uko wazi. Ama akimdhulumu kiumbe mwenzake, toba yake haitimii mpaka arejeshe alichochukua au asamehewe na mwenyewe, na anayekufa hali ameshikilia dhulma yake hana la kutegemea. Basi ukimpiga jirani yako unaweza kwenda mlangoni kwake ukamwangukia, naye akasema: nimekusamehe. Lakini yule paka aliyefungwa na mwanamke mpaka akafa kwa njaa, ambaye Mtume (S.A.W.) ametuambia mwanamke yule aliingia Motoni kwa sababu yake, nani angemsamehe kwa niaba yake? Mkondo wa maji uliotiwa sumu una ulimi gani wa kusema umeridhika? Na watakaozaliwa baada yetu wakakuta bonde kavu, tutawapata wapi leo tuwaombe radhi?

Watu hudhani kwamba haki ya asiyesema ni nyepesi, kwa kuwa hatodai. Mimi naiona ni nzito zaidi, kwa kuwa hawezi kuachilia. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Siku ya Kiyama haki zitarejeshwa kwa wenyewe, hata mbuzi asiye na pembe alipiziwe kwa mwenye pembe. Ikiwa mbuzi na mbuzi mwenzake watahukumiwa, na wao hawakukalifishwa, itakuwaje kwa aliyekalifishwa?

Kwa sababu hii haifai Muislamu kuzidharau mahakama zinazosikiliza madai ya mito na wanyama. Kuhukumiwa hapa duniani na ukaamrishwa kurejesha ulichoharibu ni nafuu.

Nasi tukubali kwamba hata pale penye sheria nzuri, haki hupotea pasipokuwa na anayesimama. Mnyama aitwaye maha, mweupe mwenye pembe ndefu, alitoweka katika majangwa ya Arabuni mwaka 1972. Oman ikamrudisha Jiddat Al-Harasis mwaka 1982, kazi iliyosifiwa ulimwenguni, na mwaka 1994 hifadhi yake ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini ujangili ukawapunguza kutoka 450 mwaka 1996 mpaka 65 mwaka 2007, na hifadhi yenyewe ikapunguzwa kwa asilimia 90. Ikawa ndiyo mahali pa mwanzo kabisa duniani kufutwa katika orodha ile. Hatuyasemi haya kwa kumtia aibu mtu. Na upande wa pili wa bahari, wavuvi wa Pemba wanakijua kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya mswala wake kwa kuwa kimeelekea kibla. Kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, marufuku ya Serikali haikutosha kuwazuia waliokuwa wakivua kwa baruti. Ikabidi watu waje wakazungumza nao kwa dini, juu ya amana na juu ya kesho Kiyama, ndipo wengi wakasikia.

Nimalizie kwa habari ya mtu mmoja, sitamtaja jina wala kijiji chake. Alirejea Oman kutoka Afrika ya Mashariki akiwa kijana, akafanya kazi mjini miaka mingi, akajaaliwa mali, akanunua shamba katika kijiji cha mababu zake. Falaji la kijiji halikumtosha kwa aliyotaka kupanda, basi akachimba kisima akatia pampu. Alichimba ndani ya mipaka yake, na waraka anao. Mwaka wa pili mitende ya chini ya kijiji ikaanza kukauka vichwa. Wazee walisema ni ukame, na yeye akasema ni ukame.

Alinijia usiku, akaniuliza suala la kifiqhi ambalo alijua jawabu lake. Nikamuuliza umbali wa kisima chake na kisima mama cha falaji. Akanyamaza. Kisha akasema: "Sheikh, hapana mtu aliyenishitaki."

Nikamwambia: yuko wakili, nenda ukajishitaki mwenyewe.

Alikwenda. Walipima kwa kamba, wazee wawili na wakili, na yeye ameshika ncha moja. Kisima kikafukiwa, naye akalipa katika mfuko wa falaji gharama ya kusafisha mkondo, ikaandikwa katika daftari kwamba imepokewa. Maji yalirudi, si yote. Mara ya mwisho nilipomuona aliniambia kwamba siku ya zamu ya falaji, yale maji yanaponadiwa, huenda akakaa nyuma ya watu akasikiliza, wala hanunui.

Wabillahi Tawfiq.